Chai ya Waingereza ilienezwa na ushuru, si na malkia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie simulizi inayorudiwa kila inapoandikwa habari ya Waingereza na chai yao, na ambayo imejitokeza tena hivi karibuni katika makala moja ya gazeti lako. Simulizi hiyo ina wanawake wawili: Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno aliyeolewa na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1662 akaja na mazoea yake ya kunywa chai, na Anna Russell, Duchess wa Bedford, anayesemekana kuanzisha chai ya alasiri kwenye miaka ya 1840 kwa kuwa chakula cha usiku kilimchelewea. Mabibi hao sina ugomvi nao. Ninachokikataa ni hitimisho kwamba taifa zima lilianza kunywa chai kwa kuwaiga.

London ilikuwa imekwisha kuijua chai kabla Catherine hajashuka melini. Tangazo la kuiuza lilichapishwa katika gazeti moja la mji huo mwaka 1658, na Samuel Pepys, mtumishi wa serikali mwenye shajara maarufu, aliandika Septemba 1660 kwamba ameletewa kikombe cha kinywaji hicho cha Kichina ambacho hakuwahi kukionja. Malkia aliipa chai hadhi katika makasri, lakini hakuweza kuifikisha kwa mfumaji wala kwa mchimba makaa, kwa sababu bei haikuruhusu. Katika nyumba za matajiri majani ya chai yaliwekwa ndani ya visanduku vya kufuli, na ufunguo akakaa nao mama mwenye nyumba, asije mtumishi akachota.

Ughali huo ulitokana kwa sehemu kubwa na ukiritimba wa Kampuni ya India Mashariki, ambayo peke yake iliruhusiwa kuleta chai kutoka China, pamoja na ushuru wa serikali, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1780 ulifikia asilimia 119. Bidhaa inayotozwa ushuru unaoizidi thamani yake haikosi kupitia uani. Chai ya magendo iliyovushwa kutoka Uholanzi na kwingineko barani Ulaya ilishushwa usiku katika fukwe za kusini na mashariki, na wateja wake hawakuwa wahuni peke yao. Kasisi James Woodforde wa Norfolk aliandika katika shajara yake ya Machi 1777 jinsi mlanguzi alivyomletea ratili sita za chai saa tano za usiku, akapiga mluzi chini ya dirisha la sebule na kuwashtua waliokuwamo. Kasisi akampa kinywaji kikali kidogo, akamlipa shilingi 10 na peni 6 kwa kila ratili, kisha akayaandika yote hayo kwa utulivu wa mtu aliyenunua mayai. Biashara hiyo ilikuwa pia na upande wa damu. Mwaka 1747 genge la Hawkhurst lilivunja jengo la forodha la Poole kuirudisha chai yake iliyokamatwa, na baadaye likamuua afisa wa forodha pamoja na shahidi aliyekuwa akisindikizwa naye.

Ni magendo hayo yaliyoishusha chai hadi kwa wanyonge. Mwaka 1756, karibu karne nzima kabla ya Duchess kuona njaa, mfanyabiashara Jonas Hanway alichapisha insha ya kulalamika kwamba hata vibarua wanaotengeneza barabara wanakunywa chai. Samuel Johnson, mtunga kamusi, alimjibu kwa kukiri bila haya kwamba yeye mwenyewe ni mnywaji sugu, na kwa maoni yangu katika mabishano hayo Hanway hakupata kitu.

Hatimaye serikali ilisalimu amri. Mwaka 1784 Waziri Mkuu William Pitt Mdogo alipitisha sheria iliyoshusha ushuru huo hadi asilimia 12.5, akafidia pengo kwa kuongeza kodi ya madirisha ya nyumba. Katika muda wa miaka miwili hivi mauzo ya chai halali yaliongezeka zaidi ya maradufu, na walanguzi wakakosa faida. Kama yupo mtu mmoja anayestahili kutajwa kwanza katika habari hii, basi ni huyo Pitt, ingawa sijaona hoteli yoyote ya London ikilipa jina lake sinia la keki.

Makala yako haikugusa kabisa upande wa gharama. Sukari iliyomfanya mfanyakazi wa viwanda vya pamba aipende chai ilitoka katika mashamba ya miwa ya Jamaika na Barbados, yaliyolimwa na Waafrika waliotumikishwa utumwani hadi miaka ya 1830. Wachina nao walitaka walipwe kwa madini ya fedha, na Waingereza wakaziba nakisi hiyo kwa kasumba iliyozalishwa Bengal chini ya Kampuni na kuingizwa China kinyume cha sheria. Kamishna wa serikali ya China, Lin Zexu, alipoteketeza zaidi ya makasha 20,000 ya kasumba mwaka 1839, Uingereza ilituma manowari, na vita vilipokwisha mwaka 1842 ikakabidhiwa Hong Kong. Wakati huohuo chai ya kwanza ya Assam, India, ilikuwa imeanza kunadiwa London, na mashamba yaliyofuata huko yalitegemea vibarua wa mikataba waliofanya kazi katika hali ngumu mno.

Mkono wa serikali haukuondoka kwenye buli hata katika karne ya 20. Julai 1940 chai iliingizwa katika mgawo wa vita, wakia mbili kwa mtu kwa wiki, na mgawo huo haukufutwa hadi Oktoba 1952, miaka saba baada ya vita kwisha.

Msomaji wenu