Unga wa kuziba nyufa hautibu kila ufa

Mhariri,

Anayejenga tangi la maji la zege akiuziwa unga wa polima unaofyonza maji, kwa ahadi kwamba nyufa zitajiziba zenyewe, ajue kwanza mipaka yake. Unga huo unafanya kazi kweli, lakini ukichanganywa ovyo unadhoofisha zege.

Ni jamii ileile ya polima iliyomo kwenye nepi za watoto. Ufa ukitokea na maji yakapenya, chembe zake huvimba na kubana njia ya maji. Baadaye huyaachia polepole. Saruji ambayo haikupata kuganda yote huendelea kuganda, na kalsiamu iliyoyeyuka hukutana na hewa ya ukaa ikaacha utando mweupe ndani ya ufa. Kwa hiyo ukuta unaolowa na kukauka kwa zamu hujiziba vizuri. Ukuta usiofikiwa na maji haujizibi.

Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni kati ya asilimia 0.3 na 1 ya uzito wa saruji, yaani gramu 150 hadi 500 kwa mfuko wa kilo 50. Hapa ndipo makosa huanzia. Kwenye maji safi chembe hizi hufyonza mamia ya mara ya uzito wake, lakini kwenye maji ya saruji hushuka hadi mara 10 au 30 hivi. Tukichukua mara 20, gramu 150 zitameza lita 3 katika kila mfuko. Fundi asiyeambiwa ataona zege limekaza, atashika mpira wa maji na kuongeza kwa macho. Yanayozidi zile lita 3 yanalainisha zege na kupunguza nguvu zake. Hata hizo lita 3 zina gharama: chembe ikishanywea huacha tundu. Vimiminwe vipande vya majaribio, vivunjwe siku ya 7 na ya 28 ili kupima nguvu, kabla ya kujenga tangi lenyewe.

Unga uchanganywe na saruji na mchanga vikiwa vikavu, ndipo maji yafuate. Ukitupwa kwenye zege bichi hushikana madonge kama unga mkavu kwenye uji wa moto, na kila donge ni shimo ukutani. Mfuko uliofunguliwa ufungwe kabisa, hasa pwani, kwa sababu unga hunyonya unyevu wa hewa.

Ufa wenye upana wa milimita 0.1 una matumaini makubwa, wa 0.2 ni bahati, wa 0.3 usiutegemee. Ufa unaopanuka na kusinyaa kwa joto, wa msingi uliotitia, au wa nondo zinazoshika kutu hauzibwi na unga wowote.

Isisahaulike kwamba zege la kawaida nalo hujiziba nyufa nyembamba. Kiwango cha Ulaya cha matangi, EN 1992-3, kinaliruhusu hilo: kina cha maji kikiwa mara 5 ya unene wa ukuta, ufa unaopenya ukuta wote unaweza kuwa na upana wa hadi milimita 0.2; kikifika mara 35, ni 0.05 tu. Ukuta wa sentimita 20 wenye maji ya mita 4 uko katikati, kwenye 0.125. Ufa mwembamba kiasi hicho huletwa na nondo nyembamba zilizokaribiana, badala ya nondo nene chache, na kwa kumwagilia zege angalau siku 7. Fedha ziende huko kwanza. Unga uje baadaye.

Mwenye tangi asilipe malipo ya mwisho kabla ya kulijaza. Kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 8007, kiliacha maji yakae siku 7 kwa nyufa za milimita 0.1 na siku 21 kwa za 0.2, ili zijizibe, kisha kikapima siku 7 nyingine. Maji ya mita 4 yasishuke zaidi ya milimita 8, ukishaondoa yaliyokaushwa na jua, ambayo hupimwa kwa chombo cha maji kilichowekwa karibu na tangi. Yakizidi hapo, tangi litolewe maji na ufa ujazwe kwa sindano ya gundi ya epoksi au poliurethani, kwa gharama ya mkandarasi.

Wahandisi wa matangi ya maji,
Tanga