Barua kwa mwanangu Raya: umemuuliza mwenyewe?

Wete, Pemba

Mwanangu Raya,

Assalaam alaykum. Sie huku wazima, alhamdulillahi, ila bibi yako na goti lake. Barua hii nampa Salum aje nayo na boti ya kesho. Nikikupigia simu najua utanijibu "sawa mama, sawa mama", kisha uniambie upo kazini.

Nimekusikia Jumanne, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Babako aliiweka redio dirishani, watoto wa jirani wakajaa barazani. Sauti yako imetulia, kila neno linasikika, wala hukukimbia kama mwanzo. Nilifurahi, wallahi, mpaka ulipofika kwenye ile ya karafuu. "Mwizi wa karafuu akamatwa Pemba." Ukataja jina lake, la babake, na mtaa anaokaa.

Nani kakwambia ni mwizi?

Kukamatwa kakamatwa kweli, na magunia matatu ndani ya gari. Lakini aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Mwizi ni mpaka mahakama iseme. Hilo si la kufundishwa na mie niliyeishia darasa la saba, hilo ni la mwezi wa mwanzo chuoni, na ada ya mwezi huo naikumbuka ilivyotoka. Karafuu zilikuwa za bibi yake, anazipeleka kituo cha ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, kuziuza. Bibi mwenyewe kaenda kusema, na asubuhi yake kijana kaachiwa. Nikakaa na redio Jumatano, nikakaa Alhamisi. Hamkusema kitu.

Umemuuliza mwenyewe? Basi babake? Basi hata sheha wa shehia yake? Simu unayo.

Na ile "kwa mujibu wa vyanzo vya kuaminika" ni nini? Kama ni polisi, sema polisi, na utaje ni afisa gani aliyezungumza. Kama ni mtu kakuandikia kwenye simu, basi huyo si chanzo, huyo ni mtu kakuandikia kwenye simu. Sitaki kuandika kwa hasira, lakini hasira ninazo.

Unasema kuandika habari kugumu, mkubwa wako anakukatia mistari. Sikiliza matangazo ya vifo, yale ambayo ukiwa mdogo ulikuwa unayakimbia. Aliyeyatunga alijua kazi. Kwanza nani amefariki, na jina la babake, maana kina Khamis ni wengi. Kisha kafia wapi, maziko wapi, saa ngapi. Mwisho ndio habari ziwafikie fulani na fulani walioko Tanga na Mombasa. Redio ikizimika katikati, aliyesikia mwanzo ameshapata la kumtosha akavaa kanzu akatoka. Hakuna "kufuatia", hakuna "katika hali isiyo ya kawaida". Na jina likikosewa, watu wanapanda gari ya abiria kwenda kumzika mtu aliye hai. Kwa hiyo anayeleta tangazo anasomewa tena kabla halijatoka hewani. Wewe ulimsomea nani?

Usiku ile meli ya Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kuja Pemba sina haja ya kukuhadithia. Nataka kusema la kesho yake tu, tarehe 10 Septemba 2011, pale kila mtu alikuwa na hesabu yake. Tume ya uchunguzi ilipokuja kumaliza, mwaka 2012, ikasema waliopanda walikuwa 2,470, kwenye meli ya watu mia sita na ushei. Maiti 203 walionekana, watu 1,370 hawakuonekana. Meli iliyojazwa namna ile, nani angejua kwa hakika kapanda nani? Basi kila aliyesema aliaminiwa. Mtu mmoja hapa mtaani akaenda kwa Bi Mize kumwambia mumewe alikuwemo. Kasikia kwa mchukuzi, mchukuzi naye kasikia kwa mwenziwe. Wala hakuwa na nia mbaya, aliona heri mtu apewe habari na jirani kuliko kuisikia njiani. Bi Mize kakaa matanga siku mbili. Siku ya tatu mumewe akapiga simu kutoka Unguja, hajapanda, simu yake iliisha chaji. Watu walicheka na kulia. Lakini mpaka leo Bi Mize akinipa mkono hanitazami usoni.

Na ile karafuu ya magunia matatu ni ya Bi Mize. Kijana ni mjukuu wake. Nyumba ileile, Raya.

Nakuomba urekebishe. Saa ileile ya saa mbili, kwa sauti yakoyako, jina lake ulitaje kama ulivyolitaja mwanzo, useme ameachiwa na hana kesi. Si mstari mmoja saa sita za usiku watu wamelala. Mkubwa wako akikataa, mwambie mamako kasema. Akicheka, na acheke, lakini umwombe tena.

Jengine ni bahasha. Nasikia mwenye mkutano huwapa waandishi bahasha mlangoni, wanaiita nauli. Nauli yako ni ya kazini kwako. Babako anasema mshahara mdogo na wote wanapokea. Babako huyo aliwahi kupewa kilo mbili za sukari akaenda kushangilia mkutano, hilo usimwambie kama nimekuandikia.

Bati la jikoni linavuja pale pale. Pesa zimefika, ahsante mwanangu, nimemlipia Fatma sare ya skuli na iliyobaki nimewalipa wachumaji. Mwaka huu mikarafuu imezaa sana, usiku tunachambua mpaka saa tano, vidole vimekuwa vyeusi na vinanata, hata wali unanuka makonyo. Mchana jua likitoka tunaanika, likija wingu tunakimbilia kukunja majamvi. Bibi yako naye anataka kukimbia na goti hilohilo.

Salum ana kikapu chako: samaki wa kukausha, mbatata, na chupa ya samli. Kampokee bandarini Malindi mapema, yeye mwoga wa bodaboda za mjini.

Asubuhi hii Bi Mize amekuja kuazima jamvi, lake limeoza pembeni. Nimempa lile jipya. Hakusema habari ya redio, na mie sikuanza. Alisimama kidogo mlangoni, akauliza tu hujambo wewe huko Unguja.

Nikasema hujambo.

Mamako