Sharubu hazitofautishi kambare dume na jike

Mhariri,

Jumamosi iliyopita, katika ukurasa wenu wa ufugaji, msomaji aliyeuliza namna ya kumtambua kambare dume kwenye tangi la kioo alijibiwa kwamba dume ndiye mwenye sharubu ndefu. Naomba nafasi nilipinge jibu hilo, maana nami niliuziwa samaki kwa maneno hayohayo.

Nyumba isiyo na mkubwa tunaiita familia ya kambare: baba ana sharubu, mama ana sharubu, mtoto ana sharubu. Msemo huo ni kweli tupu kwa samaki mwenyewe. Sharubu ni za kupapasia chakula kwenye tope na gizani, na jike anakula kama dume anavyokula.

Mimi ni mshona nguo hapa Ngamiani, Tanga, na tangi langu la lita 100 liko pembeni ya cherehani. Mwaka 2021 nilinunua kambare wawili wenye asili ya Amerika Kusini, wale wanaoganda kwenye kioo kwa mdomo wakila ukoga wa kijani, kitaalamu Ancistrus. Walikuwa wadogo, hawajafika hata nusu ya kidole. Muuzaji akanionyesha sharubu: "Huyu mume, mama, huyu mke." Nikawawekea kifuu cha nazi wazalie humo. Mwaka ukaisha, yai hakuna. Wote walikuwa majike.

Aina hii ndevu inazo kweli, ila si sharubu za mdomoni. Ni vinyama laini vinavyochipua juu ya pua na kupanda hadi katikati ya paji la uso, vyenye matawi kama matumbawe. Hizo ni za dume. Jike hana, au anavyo vifupi ukingoni tu mwa pua. Tena havionekani utotoni. Subiri samaki afike sentimita 6 au 7. Anayekuuzia vitoto na kukuapia kwamba ni jozi anabahatisha kwa fedha yako.

Nilipomleta dume mwenye matawi, hazikupita wiki sita jike mmoja akataga ndani ya kifuu, mayai ya rangi ya chungwa yaliyoshikana kama kishada, akaondoka zake. Dume ndiye aliyebaki, akiyapepea kwa mapezi usiku na mchana. Nilimtupia kipande cha tango, chakula akipendacho kuliko vyote, asitoke.

Vile vikambare vidogo vinavyochokora mchanga, Corydoras, vitazame kutoka juu: jike ni mpana na mkubwa zaidi, mbavu zimetuna.

Kambare wetu wa mabwawani mgeuze chali, umfunike kichwa kwa kitambaa kilicholowa ili atulie. Tazama nyuma ya tundu la haja. Dume ana kinyama kirefu kilichochongoka kuelekea mkiani. Cha jike ni kifupi, cha mviringo, chenye mpasuko.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu ya kaka yangu, mwenye mabwawa Muheza. Katika kuzalisha vifaranga, jike hukamuliwa mayai tumboni, lakini dume hakamuliki. Huchinjwa ili zitolewe mbegu zake. Siku moja mayai yalikuwa yameshakamuliwa kwenye beseni. Kijana wake wa kazi, naye kafundishwa habari ya sharubu, akamchinja aliyemdhania dume. Tumbo lilipofunguka yakamwagika mayai mengine, kama ulezi. Hadi dume wa kweli anapatikana, yale ya beseni yalikuwa yameharibika. Kaka alipoteza jike mmoja na mayai ya mwingine asubuhi moja, na kijana yule alilia.

Tafadhali chapisheni sahihisho kwenye ukurasa uleule, na mweke mchoro wa samaki wote wawili waliogeuzwa chali, dume na jike, ubavu kwa ubavu.

Mshona nguo,
Ngamiani, Tanga