Bei ya zabibu iangalie na sukari

Mhariri,

Naomba nafasi niulize swali ambalo wakulima wa zabibu wa huku Hombolo tunaulizana kila tukiwa kwenye foleni ya mizani: kwa nini zabibu ya masika na ya kiangazi zinunuliwe kwa bei moja?

Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ukipogoa Oktoba au Novemba, unavuna Februari au Machi, mvua ikiwa imekolea. Ukipogoa Aprili, unavuna Agosti au Septemba, ardhi kavu na mbingu nyeupe. Mzabibu ni uleule lakini tunda si lile. Masika iliyopita nilikamua punje moja kwenye kioo cha kipima sukari, nikakielekeza juani: nyuzi 15 za sukari. Agosti, mstari uleule wa mizabibu ukanipa 21.

Mvua ikikuta punje zinaiva, mizizi inavuta maji, punje zinavimba na sukari inazimuliwa. Nyingine hupasuka, nyuki wanaanza, ukungu unamalizia. Mawingu nayo yanayanyima majani jua la kutengenezea sukari. Ubwiri, ugonjwa wa ukungu, ukiingia, jirani yangu anavuna kabla ya wakati asije akakosa vyote, wala simlaumu. Kipupwe ni kinyume chake: mchana jua tupu, usiku wa Juni na Julai tunalala na blanketi mbili. Baridi hiyo ndiyo inayolinda uchachu wa tunda, na mvinyo usio na uchachu hupooza mdomoni hata sukari iwe nyingi vipi.

Lakini mnunuzi wetu anasoma kilo tu. Kwa hesabu hiyo maji yanalipa kuliko sukari, na mjanja atamwagilia mpaka siku ya kuvuna. Halafu tunaambiwa mchuzi wa zabibu yetu, yaani maji yake ya kutengenezea mvinyo, ni mwepesi!

Ufaransa huandika mwaka wa mavuno kwenye chupa, maana mwaka haufanani na mwaka. Zetu zingefaa ziandikwe hata mwezi.

Tunachoomba ni kipima sukari kikae kando ya mizani, kreti zipimwe mkulima akiona, na bei ipande kwa nyuzi. Zabibu ya masika isikataliwe, ipewe bei yake, kwani hata juisi inahitaji zabibu. Na bei hizo zitangazwe kabla ya Aprili, hatujaingia shambani na mikasi.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma