Majina ya waliofungwa Tabora yatafutwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliufanya mji wetu wa Tabora kituo cha mateka. Wanajeshi wa Uingereza na raia wao, wakiwemo wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walizuiliwa hapa mpaka majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Septemba 19, 1916.

Mzungu aliyetekwa vita hiyo, wajukuu wake wana pa kuanzia. Kadi za mateka zilizotunzwa na Msalaba Mwekundu kule Geneva ziliwekwa mtandaoni mwaka 2014, na mtu anazifungua akiwa kwake. Nimezipitia usiku kucha kwenye simu, kadi moja baada ya nyingine: jina, kikosi, tarehe, mwandiko wa karani. Baba wa bibi yangu, mpagazi aliyebeba mizigo ya jeshi, simwoni. Kilichobaki kwetu ni kovu la kamba begani alilotusimulia bibi.

Mwaka jana nilikwenda ofisi moja hapa mjini kuulizia mafaili ya zamani. Nikaonyeshwa kasha lililoliwa na mchwa. Karatasi ya juu ilisagika nilipoigusa. Iliniuma sana.

Tafadhali, wazee wenye vyeti, barua au picha za wakati ule wasivichome wanaposafisha nyumba. Vijana wa historia nao wakawarekodi wazee wa Uyui na Urambo sasa, kijiji kwa kijiji, kabla ya masika.

Msomaji wako,
Tabora