Mwanangu, usikimbie meza ya michoro

Mwanangu,

Salamu kutoka Moshi. Sisi ni wazima, goti la mama yako linamsumbua kidogo ila shambani anakwenda. Nimepata ujumbe wako kwamba wenzako wa saiti wanakuita "mtu wa kompyuta" kwa kuwa wewe unasanifu miradi ya maji mezani, na unataka kuomba uhamishiwe kwenye usimamizi wa ujenzi ili nawe uonekane mhandisi. Mama, usihame kwanza. Nimefukia na kufukua mabomba kwenye miteremko hii tangu hujazaliwa, na nakuambia mabomba mengi hupasuka siku ileile yanapochorwa. Sisi mafundi tunakuja kuuona mpasuko baadaye tu.

Chukua mlima wetu huu. Mtu aliyezoea Dar es Salaam anawaza pampu. Huku maji yanashuka yenyewe, kazi ni kuyazuia. Chanzo kikiwa kwenye mwinuko wa mita 1,500 na kijiji kwenye mita 900, tofauti ni mita 600, na kila mita 10 huleta karibu bar moja ya presha. Hizo ni bar 60. Bomba la PN16 limetengenezwa kubeba 16. Kwa hiyo njiani unahitaji matangi ya kuvunja presha, yale ambamo maji yanatua na presha inaanza upya kwenye sifuri, yasiyopungua matatu, na mimi ningeongeza la nne.

Hapo ndipo vijana wengi wanapoteleza. Wanapiga hesabu ya saa kumi na mbili asubuhi: kila mtu anachota, maji yanakimbia, msuguano unakula presha, mchoro unapendeza. Bomba halipasuki saa hiyo. Linapasuka saa nane usiku, koki zote zimefungwa na maji yamesimama kimya na uzito wake wote. Basi kwenye hiyo EPANET yako, programu ya kupigia hesabu za mabomba (Wamarekani wameitoa bure, itumie), angalia na usiku. Na valvu ya boya ndani ya tangi, ile inayofunga maji tangi likijaa, usiiamini sana. Ikikwama wazi tangi linafurika, kwa hiyo chora pia maji ya kufurika yaende wapi, yafike korongoni, yasiingie kwenye migomba ya mtu. Mwenye migomba hiyo hataenda kwa msanifu, atamfuata fundi.

Halafu waza mkono wa mtu. Tuliwahi kuletewa mchoro ambao valvu ya hewa, ile ya kutolea hewa iliyonaswa bombani, imekaa pale pale inapotakiwa, juu kabisa ya kilima. Lakini chemba yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba spana haizunguki. Tukalala kifudifudi, mkono mmoja ndani, nati tunaisogeza kidogo kidogo, na siafu wameshafika shingoni. Aliyechora hakuwa mjinga, hesabu zake zilikuwa safi. Ila hakuna aliyemwambia kwamba valvu siku moja itafunguliwa.

Huko kwenu Arusha kuna mtihani mwingine, floridi, chumvi ya madini inayoyeyuka kwenye maji. Miamba ya volkano ya Meru inaitoa, na maji yanatoka chemchemini maangavu na baridi, huwezi kuyadhania. Watoto meno yanakuwa ya kahawia, na mtu akiyanywa yenye floridi nyingi kwa miaka, mifupa inapinda. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floridi inabaki. Zamani kiwango chetu cha Tanzania kiliruhusu miligramu 4 kwa lita, sasa ni 1.5. Pale Ngurdoto wamefanya utafiti wa kuichuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, lakini kwa mradi mkubwa msanifu huanza kwa kuchanganya vyanzo. Lita moja yenye miligramu 3, ukiichanganya na lita tatu zenye 0.5, unapata kama 1.1. Vizuri. Sasa chemchemi nzuri ikipungua nusu wakati wa kiangazi, umeshafika 1.5 kamili na huna pa kupumulia. Kwa hiyo vipimo vya masika peke yake usivikubali, hata bosi akiwa na haraka.

Ile Sera ya Maji ya 2002 ilisema lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo cha kuchotea kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, watu 250 kwa kituo. Ni pa kuanzia tu. Ng'ombe mmoja wa maziwa hunywa kuliko watu wawili, na huku kwetu ng'ombe yuko nyuma ya nyumba, anakunywa maji ya bomba hilohilo. Waulize kina mama wa kijiji, watakutajia idadi ya ndoo bila kusita.

Saiti uende, sikukatazi. Nenda na mchoro wako, tembea njia yote kwa miguu, kisha urudi mezani ukaurekebishe. Hao wanaokucheka wanajenga ulichochora wewe.

Usajili wa Bodi ya Wahandisi usiucheleweshe. Desemba ukija, niletee huo mchoro wa mteremko uliouchapa, ule mkubwa, siyo kwenye simu. Nataka kuona matangi umeyaweka wapi.

Baba yako