Kwa mdogo wangu anayeuliza ninawezaje kuwatoa

Mdogo wangu mpendwa,

Siku ile ulipowakuta sebuleni kwangu wale watoto watatu wa mbwa wamelala juu ya leso kuukuu, uliniuliza ninawezaje kukesha nikiwanywesha maziwa kwa chupa, halafu wakishapata nguvu niwakabidhi kwa watu wengine. Nilikujibu kwa haraka, na jibu lile halikunitosha hata mimi.

Hapa Nairobi mbwa koko huzaa penye upenyo wowote, hata ndani ya kalavati, na mvua ya masika ikija watoto ndio wa kwanza kusombwa. Yapo makao ya kuwapokea, kama yale ya KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kule Karen, lakini mtoto ambaye hajakamilisha chanjo yumo hatarini popote palipo na mbwa wengi, kwa kuwa virusi vya parvo, vinavyowaharisha na kuwaua watoto wa mbwa, hudumu udongoni kwa miezi mingi na sabuni ya kawaida haiviui. Ndiyo maana anahitaji nyumba ya mtu, kwa muda.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Mtoto aliye chini ya wiki tatu hawezi hata kukojoa peke yake. Mama yake humlamba ili mkojo utoke, nasi humpangusa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu kila baada ya kunywa. Hajui kujipasha joto, hivyo humwekea chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Maziwa ya ng'ombe humharisha, kwa hiyo tumia yale ya unga anayokuelekeza daktari wa mifugo, na tafadhali usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, kwani maziwa yanaweza kuingia mapafuni.

Sasa swali lako. Wa kwanza niliyemlea nilishindwa kumtoa. Familia yenye uwanja mpana na watoto wapole ilimtaka, nikawa natafuta visingizio, na wiki hiyohiyo nikapigiwa simu kuhusu wengine wanne waliotupwa kwenye gunia. Nilikuwa na chumba kimoja tu cha ziada, naye alikuwa ndani yake. Nilikataa wale wanne, na hadi leo sijui walikoishia. Mwezi uliofuata nilimpeleka kwa ile familia nikilia njia nzima, kisha nikasafisha chumba.

Tangu hapo nahesabu wiki zangu kwa umakini. Kuanzia wiki ya tatu hadi takriban ya kumi na nne, mtoto wa mbwa hujifunza kipi cha kuogopa na kipi cha kuzoea, kwa hiyo namsikilizisha bodaboda, ufagio na vicheko vya watoto wa jirani. Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa hadi wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa anaipata akifikisha miezi mitatu. Anayemchukua hunipa ahadi ya maandishi kwamba atakamilisha chanjo zilizobaki na atamfunga kizazi.

Ukiwa bado unataka, zungumza kwanza na mwenye nyumba wako, kisha uje Jumamosi. Wale watatu wametimiza wiki nne. Yule mwenye doa jeupe kifuani bado hunywa polepole kuliko wenzake, nami nitakuachia chupa yake.

Dada yako